Kompyuta mpya, seva ya faili ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunayapata sisi mafundi wa mitandao midogo karibu kila wiki, kutoka ofisini, shuleni, zahanati na stationari. Kompyuta mpya imenunuliwa, imechomekwa, intaneti inapatikana, lakini folda ya ofisi haifunguki. Hapa "seva ya faili" ni mashine yoyote inayotunza faili za wengi: kompyuta ya kawaida yenye folda ya pamoja, seva ya Windows, au kile kisanduku cha diski kinachoitwa NAS. Kama una haraka, anza na swali la 4.

## Mambo ya msingi

1. Kompyuta za zamani zinafungua folda ya ofisi, hii mpya inakataa. Je, seva imeharibika?

Mara nyingi hapana. Kama kuna hata kompyuta moja inayoifungua, seva ni nzima na faili zipo. Kilichobadilika ni kompyuta mpya.

Mashine hizi huongea kwa itifaki (lugha ya mawasiliano) iitwayo SMB, na SMB ina lahaja zake, za zamani na za sasa. Kompyuta inapobisha hodi hutaja lahaja zote inazozikubali, na seva huchagua iliyo ya juu kabisa kati ya zile inazozijua. Isipopatikana hata moja wanayoelewana, mazungumzo hukatika papo hapo, kabla ya jina wala nenosiri kuulizwa. Ndiyo maana kubadilisha nenosiri mara kumi hakusaidii kitu.

2. Hizo lahaja ni zipi, na seva yangu inaongea ipi?

SMB ilianzia IBM miaka ya 1980, kisha Microsoft wakaichukua na kuiendeleza. SMB1, ambayo wengine huiita CIFS, ndiyo pekee inayofahamika kwa Windows XP na Windows Server 2003. SMB2 ilikuja na Windows Vista na Server 2008, toleo la 2.1 likaja na Windows 7, SMB3 ikaja na Windows 8 na Server 2012, na 3.1.1 ikaja na Windows 10 na Server 2016.

Visanduku vingi vya NAS ndani yake ni Linux inayoendesha Samba, programu ya kugawana faili kwa SMB iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992. Samba 3.6 ya mwaka 2011 inaijua SMB2 lakini ilitoka ikiwa imefungwa kwenye SMB1, na jambo hili lina faida kubwa tutakayoiona kwenye swali la 10. Samba za chini ya hapo zihesabu kuwa ni za SMB1 tu.

Kuona lahaja inayotumika sasa hivi, fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi kwenye kompyuta ambayo tayari imefungua folda, uandike `Get-SmbConnection`, kisha usome safu ya Dialect. Ukiona 1.5, hiyo ni SMB1. Kwenye Mac amri ni `smbutil statshares -a`. Kwenye seva yenye Samba, `smbstatus` itakuonyesha kila aliyeunganishwa na lahaja yake.

3. Kwa nini SMB1 iliondolewa wakati ilikuwa inafanya kazi vizuri?

Ilikuwa inafanya kazi, lakini haikuwa salama. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka MS17-010 kuziba tundu kwenye SMB1. Mwezi uliofuata silaha ya kulitumia tundu hilo, EternalBlue, ikamwagwa hadharani. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikaitumia kurukia kompyuta moja baada ya nyingine bila mtu kubofya chochote, kikafunga faili na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Juni mwaka huo huo NotPetya ikapita njia ile ile.

Hata bila kirusi, SMB1 haina usimbaji, na ulinzi wake dhidi ya mtu anayejipenyeza katikati ya mawasiliano ni dhaifu. Kwa hiyo kuanzia Windows 10 toleo 1709, Oktoba 2017, Microsoft wakaanza kuiondoa kwenye usakinishaji mpya. Kompyuta za wakati ule zilizobaki nayo zilijiondolea zenyewe kama haikutumika kwa jumla ya siku 15, bila kuhesabu muda zilizokuwa zimezimwa. Hilo ndilo jibu kwa wale wanaosema "hakuna aliyegusa kitu, ikakataa yenyewe." Samba nao waliizima kwa chaguo-msingi kwenye toleo 4.11, Septemba 2019.

4. Nitajuaje kama tatizo langu ni la lahaja, la mgeni (kuingia bila jina wala nenosiri), la sahihi (kusaini kila ujumbe) au la waya tu?

Usikimbilie mipangilio. Andika kwanza neno kwa neno kile ambacho kompyuta inasema, pamoja na namba ya kosa. Wateja wetu wengi hutupigia wakisema "imegoma", na nusu ya kazi huishia kuwabembeleza wasome ule ujumbe.

Hatua ya kwanza ni njia. Kwenye PowerShell andika `Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445`, ukiweka anwani ya seva yako. Jibu likiwa True, njia ipo na mlango uko wazi, kwa hiyo ugomvi ni wa maelewano. Likiwa False, jaribu mlango wa 139. Kama 139 unajibu na 445 kimya, seva yako ni ya kale kweli kweli. Vyote viwili vikiwa kimya, angalia kebo, swichi, anwani na ukuta wa moto kabla ya kuendelea.

Hatua ya pili ni ujumbe wenyewe. Windows ikisema folda inahitaji SMB1 ambayo imepitwa na wakati, hilo ni suala la lahaja: nenda swali la 10, kisha la 9. Ukiambiwa kwamba sera za usalama za taasisi yako zinazuia kuingia kama mgeni, soma swali la 6. Namba 0xc000a000, au maneno kwamba sahihi ya kisimbo si halali, ni suala la kusaini, nalo liko kwenye swali hilo hilo la 6. Namba 0x80070035, inayosema njia ya mtandao haikupatikana, haikupi uhakika wowote: hutokea kwa lahaja, kwa jina lililokosewa, hata kwa waya uliochomoka. Ukiipata hiyo, rudi kwenye mlango wa 445.

## Windows

5. Seva haionekani kwenye orodha ya Network, ingawa zamani ilikuwa inaonekana. Imepotelea wapi?

Huenda haijapotea. Orodha ile ilikuwa inajazwa na huduma iliyoitegemea SMB1, na SMB1 ilipoondoka huduma hiyo ikaondoka nayo. Bofya kwenye upau wa anwani wa dirisha la faili na uandike mwenyewe `\\192.168.1.10\data`. Ikifunguka, tengeneza njia ya mkato au ipe herufi ya diski, mambo yaishe.

Anayetaka jina lirudi kwenye orodha asiwashe SMB1 kwa sababu hiyo tu. Windows za sasa hutafuta wenzao kwa njia iitwayo WS-Discovery. Seva ya Linux huifahamu ukiiwekea programu ndogo ya `wsdd`.

6. Baada ya Windows 11 kujisasisha hadi 24H2, NAS yetu haifunguki tena. NAS si ya zamani sana, na SMB2 inaijua. Kuna nini?

Hili ndilo swali linaloongoza tangu toleo hilo litoke Oktoba 2024, na linawachanganya hata mafundi wazoefu kwa sababu halihusu SMB1 kabisa. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja.

La kwanza ni sahihi. Windows 11 24H2 za Pro, Enterprise na Education zinadai kila ujumbe wa SMB uwe umesainiwa, ili mtu aliye katikati asiweze kuubadilisha. Seva isiyojua kusaini, au iliyozimiwa kusaini ili iwe na kasi, inakataliwa.

La pili ni mgeni. NAS nyingi za majumbani na ofisi ndogo ziliachwa wazi: unabofya unaingia, huulizwi jina. Kwa ndani, seva ilikuwa inakupokea kama mgeni. Enterprise na Education zilikuwa zimeshaukataa utaratibu huo tangu 2017, na 24H2 ikaingiza Pro kwenye mkumbo. Ndiyo maana unasoma kuhusu "taasisi yako" hata ukiwa sebuleni kwako. Ujumbe uliandikwa kwa ajili ya mashirika, ukawafikia wote.

Mambo haya mawili yanashikana. Ufunguo wa kusaini hutengenezwa kutokana na nenosiri, na mgeni hana nenosiri, kwa hiyo hana cha kusainia. Ukimruhusu mgeni ukaacha sharti la sahihi, bado utakwama, na hapo ndipo watu wengi hupoteza siku nzima.

Dawa halisi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa NAS, tengeneza mtumiaji mwenye nenosiri, mpe ruhusa kwenye folda, zima kuingia kama mgeni, na uwashe kusaini kama kuna kitufe chake. Kisha kwenye Windows ingia kwa jina hilo. Dakika kumi zinatosha, na faida yake ni kwamba kijana aliyekuja kuomba Wi-Fi hawezi tena kufungua mishahara ya ofisi.

Kama NAS haina uwezo wa kusaini hata kidogo, na faili zinahitajika leo, fungua PowerShell kama msimamizi kwenye kompyuta moja tu na utumie `Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false`. Kwa mgeni, ongeza `Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true`. Nakili faili zako, kisha urudishe thamani zote mbili kama zilivyokuwa. Tunaomba kwa dhati usizifanye amri hizi kuwa sehemu ya kuandaa kila kompyuta mpya ya ofisi.

7. Naandika PIN yangu, inakataa. Nina uhakika siikosei.

PIN ni ya kufungulia kompyuta ile moja tu, haisafiri mtandaoni. Seva inataka jina na nenosiri la akaunti iliyo kwenye seva. Andika jina kwa namna ya `SEVA\asha`, ukiweka jina halisi la seva kabla ya mkwaju, la sivyo Windows inaweza kupeleka jina la akaunti yako ya Microsoft ambalo seva haijawahi kulisikia.

8. Naambiwa siwezi kuunganishwa kwa majina mawili tofauti. Sijaunganishwa popote!

Umeunganishwa, kimyakimya. Hilo ni kosa 1219: Windows hairuhusu mtumiaji mmoja kuingia seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Funga faili zote za mtandao, andika `net use * /delete`, ondoa majina ya zamani kwenye Credential Manager, kisha ujaribu upya. Amri hiyo hukata diski zote za mtandao, kwa hiyo hifadhi kazi yako kwanza.

9. Kwa nini nisiwashe SMB1 tu? Kwenye YouTube wanafanya hivyo na inakubali.

Inakubali, ndiyo. Wasiwasi wetu ni kile kinachofuata. Tuliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ya uhasibu ambako fundi aliyetutangulia aliwasha SMB1 kwenye kompyuta zote kumi na mbili, upande wa kupokea na upande wa kutuma, kwa ajili ya kisanduku kimoja chenye faili za miaka iliyopita. Miaka mitatu baadaye kisanduku kilikuwa kimeshatupwa, milango bado iko wazi kwenye mashine zote, na hakuna aliyekumbuka ni kwa nini.

Ukilazimika, fanya kwenye kompyuta moja. Fungua "Turn Windows features on or off", tafuta "SMB 1.0/CIFS File Sharing Support", ufungue kijisehemu chake na uweke tiki kwenye Client peke yake. Server usiiguse: tundu la WannaCry lilikuwa upande huo. Au tumia PowerShell: `Enable-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName SMB1Protocol-Client`. Kompyuta itataka kuwashwa upya. Bandika karatasi kwenye kompyuta hiyo yenye tarehe ya kuizima tena. Kabla ya hapo, hata hivyo, soma maswali mawili yanayofuata, kwa sababu huenda huhitaji kufanya hivi kabisa.

## Upande wa seva

10. Naweza kuiinua seva badala ya kuishusha kompyuta?

Mara nyingi ndiyo, na hii ndiyo njia tunayoijaribu kwanza daima. Kuishusha kompyuta ni kazi utakayoirudia kwa kila mashine utakayonunua maishani. Seva ukishaiinua, umemaliza.

Kwenye NAS, tafuta kwenye mipangilio ya huduma ya faili mahali panapotaja toleo la juu na la chini la SMB. Visanduku vingi vya miaka ya 2011 hadi 2015 vina SMB2 ndani yake, ila kiwango cha juu kimeachwa SMB1. Pandisha cha juu hadi SMB2 au SMB3, na cha chini hadi SMB2. Kama hakuna chaguo hilo, angalia kama mtengenezaji ana toleo jipya la programu ya ndani ya kifaa. Nakili data yako kabla ya kuisasisha, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo kifaa kinaweza kisiwake tena.

Kwenye seva ya Linux, `smbd -V` itakwambia toleo. Kama ni 3.6, ongeza mstari mmoja chini ya `[global]` kwenye smb.conf: `max protocol = SMB2`. Washa Samba upya. Tumeokoa seva kadhaa kwa mstari huo peke yake. Kuanzia Samba 4, lahaja za juu zimeshafunguliwa.

11. Seva yetu ni Windows Server 2003. Kuna kiraka cha kuipa SMB2?

Hakuna. Msaada wake ulikoma tarehe 14 Julai 2015, na SMB2 haijawahi kuletwa huko wala kwenye XP. Kwa mashine hizi njia ni mbili tu: kuhamisha faili, au daraja lililoelezwa hapa chini wakati mnajipanga kuhama.

12. Daraja ni nini, na linajengwaje?

Ni kompyuta ndogo inayojua lugha zote mbili, ikikaa katikati. Upande mmoja inaongea SMB1 na kisanduku cha zamani, upande mwingine inaongea SMB3 na ofisi nzima. Raspberry Pi inatosha, au kompyuta yoyote iliyotumika yenye Linux.

Ipe milango miwili ya mtandao, wa pili ukiwa adapta ya USB. Kisanduku cha zamani kichomeke moja kwa moja kwenye mlango wa pili, kikiwa na mtandao wake mdogo usiofika kwenye ruta. Hapo SMB1 inabaki kwenye kebo moja ya nusu mita, na hakuna kirusi wala mgeni anayeweza kuifikia bila kupita kwenye daraja. Pandisha folda kwa `mount -t cifs //10.0.0.2/data /mnt/zamani -o vers=1.0,username=fundi`, kisha uigawe `/mnt/zamani` kwa Samba mpya yenye majina na manenosiri.

Kuna tahadhari mbili. Usipitishe kwenye daraja faili zinazofunguliwa na watu wengi kwa pamoja, kama hifadhidata ya programu ya uhasibu, kwa sababu ufungaji wa rekodi hauvuki vizuri. Pia, kisanduku kinachojua uthibitishaji wa NTLMv1 tu hakitaelewana na Linux yenye kerneli (kiini cha mfumo) 5.15 au zaidi, kwa kuwa njia hiyo iliondolewa humo. Tumia toleo la zamani zaidi kwenye daraja.

13. Nataka kubadilisha mipangilio ya NAS, lakini hata ukurasa wake wa usimamizi haufunguki kwenye kivinjari.

Ni tatizo lile lile kwenye mlango mwingine. Vivinjari vikubwa viliacha kukubali TLS (ulinzi wa kurasa za https) 1.0 na 1.1 mwaka 2020, na NAS za zamani hazijui zaidi ya hapo. Jaribu anwani ikianza na `http://` badala ya `https://`. Ikishindikana, tumia kompyuta ya zamani yenye kivinjari cha wakati ule, ikiwa imekatwa intaneti.

## Linux na Mac

14. Linux inaniambia "Host is down", lakini seva nai-ping na inajibu. Nani mkweli?

Ping ndiye mkweli. Kosa namba 112 lina maneno yanayopotosha: kwa kawaida maana yake ni kwamba seva ilikata mazungumzo kwa kutoelewa lahaja. Hadi kerneli 4.12, `mount.cifs` ilianza na SMB1 bila kuambiwa. Kuanzia 4.13 ya mwaka 2017 inaanza na lahaja za juu. Ongeza `vers=2.0` kwanza, na `vers=1.0` kama mwisho wa yote. Mstari wa `/etc/fstab` uliofanya kazi miaka mingi ukakataa baada ya kusasisha mfumo, sababu ni hii.

15. Mac yangu mpya na Time Capsule ya zamani, vitaendelea kuelewana?

Usitegemee. Time Capsule, kisanduku cha Apple cha kutunzia bakapu, inajua AFP, itifaki ya Apple wenyewe, na SMB1 tu. Apple walihamia SMB2 kama chaguo la kwanza kwenye OS X 10.9 mwaka 2013, wakaacha kuuza Time Capsule 2018, na AFP sasa wameitangaza kuwa njiani kuondolewa. Kama bakapu zako ziko humo, hamisha sasa wakati bado inafunguka. Seva ya Linux yenye Samba 4.8 au zaidi inaweza kupokea Time Machine, programu ya bakapu ya Mac, kwa SMB.

16. Sisi tunatumia NFS, si SMB. Tumesalimika?

Hapana. NFS, itifaki nyingine ya kugawana faili, nayo ina matoleo yake. Kompyuta mpya huanza na NFS 4, seva ya zamani inajua ya 3, kwa hiyo weka `vers=3`. Seva iliyozoea UDP nayo itakwama, kwa sababu kerneli za Linux kuanzia 5.6 huzima NFS juu ya UDP kwa chaguo-msingi: taja `proto=tcp`. Mac ikijibiwa kwamba haina ruhusa, ongeza `resvport`.

## Pembezoni

17. Mashine yetu ya fotokopi ilikuwa inapeleka skani kwenye folda. Tumebadilisha kompyuta, skani hazifiki.

Hapa tatizo limegeuka: sasa mteja ndiye wa zamani, seva ndiyo mpya. Fotokopi nyingi za ofisi zinaongea SMB1 tu. Uliza kama kuna programu mpya ya ndani inayoongeza SMB2. Kama hakuna, angalia menyu yake, kwani karibu zote zina FTP au barua pepe. Weka seva ndogo ya FTP ndani ya ofisi, isiyofunguliwa kwenye intaneti.

Wazo la kuwasha SMB1 kwenye seva kuu kwa ajili ya folda moja ya skani liacheni. Kwenye Samba kiwango cha chini cha itifaki ni cha seva nzima, hakiwekwi kwa folda moja, kwa hiyo mngekuwa mmefungua na mishahara. Tumieni mashine ya pembeni, kama daraja la swali la 12.

18. Tuna kompyuta ya XP inayoendesha mashine ya X-ray na haiwezi kubadilishwa. Itatumaje picha kwenye seva mpya?

Kwa daraja hilo hilo, lililogeuzwa: XP inaandika kwenye folda ya daraja, na daraja linapeleka seva kuu kwa itifaki mpya. Kwenye Samba ya daraja utahitaji `server min protocol = NT1` na, ikibidi, `ntlm auth = ntlmv1-permitted`. XP hiyo isiwe na njia ya kwenda intaneti.

19. Tulihamia seva mpya, na sasa programu yetu ya zamani ya uhasibu inaharibu rekodi.

Programu zilizojengwa juu ya faili za DBF au Access ziliandikwa enzi ambazo kompyuta zilisoma kila kitu moja kwa moja kutoka kwenye seva. SMB2 na kuendelea huweka kumbukumbu ya muda upande wa mteja, kwa hiyo Juma anaweza kuona hali ya sekunde kumi zilizopita wakati Neema ameshaandika. Kwenye Windows, nenda rejista chini ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\LanmanWorkstation\Parameters`, utengeneze thamani za DWORD `DirectoryCacheLifetime`, `FileInfoCacheLifetime` na `FileNotFoundCacheLifetime`, zote ziwe 0, kwenye kila kompyuta inayotumia programu hiyo. Kwenye Samba, tumia `veto oplock files = /*.dbf/*.mdb/` kwa folda husika. Kasi itapungua kidogo. Hesabu za watu zikiwa sahihi, hiyo ni bei ya kulipa.

20. Faili zilizopewa majina ya Kiarabu zinaonekana kama alama za kuuliza.

Samba za kabla ya 3.0 hazikuwa na Unicode, kwa hiyo majina yaliandikwa kwa usimbaji wa herufi wa mashine husika. Maudhui ya faili ni salama. Usibadilishe majina moja moja kupitia mtandao. Nakili faili kwenye Linux, kisha tumia `convmv` kubadilisha majina yote kwa mpigo. Ijaribu kwanza bila `--notest`, ili ikuonyeshe matokeo kabla ya kugusa kitu.

21. Kila umeme ukikatika, watumiaji wa domeni wanakataliwa na seva ya zamani kwa saa kadhaa.

Angalia saa ya seva. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao ikifa, seva inaamka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Kerberos, inayotumika kwenye domeni, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika tano. Badilisha betri, na uielekeze seva ichukue saa kwenye mtandao.

22. NAS haiwaki tena. Nikichomoa diski nikaichomeka kwenye Windows, nitaona faili?

Hutaziona. Windows itasema diski haijaandaliwa na kukuuliza kama uifomati. Kataa. Watu wamepoteza picha za harusi na vitabu vya hesabu vya miaka kumi kwa kubofya ndiyo hapo, wakati data ilikuwa salama kabisa.

Diski hizo huwa zimeandikwa kwa mifumo ya Linux kama ext3, ext4 au XFS, mara nyingi juu ya RAID (mpangilio wa kuunganisha diski) ya Linux hata kama diski ni moja. Ichomeke kwa adapta ya USB kwenye kompyuta iliyowashwa kwa Linux kutoka flashi, kisha andika `mdadm --assemble --scan --readonly` na uipandishe kwa kusoma tu, kwa `mount -o ro`. Kama zilikuwa diski mbili au zaidi, andika namba ya kila nafasi kwenye diski yenyewe kwa kalamu ya wino kabla ya kuichomoa, na usichomeke yoyote kwenye NAS nyingine: baadhi ya visanduku huanza kuziandaa upya mara tu vinapowashwa.